Viti viwili vya mninga: shajara ya mradi wa mbio za kompyuta, Tabora

3 Agosti

Nimekabidhiwa funguo za chumba. Ni kile cha mbele cha nyumba ya shangazi, Isevya, kilichokuwa stoo ya mpunga. Nimefagia pumba siku mbili na bado zinatoka kwenye nyufa. Vifaa nilivyonavyo ni kompyuta mbili za mtumba zinazofanana, skrini mbili za inchi 24, sukani mbili zenye pedali tatu tatu, nazo za mtumba, na stabilaiza moja kubwa. Akiba ya miaka miwili imeishia hapo.

Ninachotaka ni hiki: vijana wa mtaa wetu wajifunze kuendesha gari la mbio kwenye kompyuta kwa ufundi, halafu washindane kwa namna ambayo anayeshindwa, akitoka nje, anajua kashindwa na mwenzake na si na mashine. Mabanda ya gemu yapo tele hapa mjini na mimi nimekulia humo. Kila banda lina pedi moja nzima na moja ambayo kijiti chake kinavuta upande, na mwenye nguvu ndiye huwahi ile nzima. Mdogo anafungwa tano bila, na pesa analipa. Hilo lisije humu. Kamari nayo marufuku, hata ya soda.

7 Agosti

Suala la programu limeisha. Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos Simulazioni, iliyotoka 2014, inapendeza macho zaidi. iRacing, iliyofunguliwa 2008, ndiyo yenye utaratibu mzuri kuliko zote wa kuwapanga madereva kwa usafi wa uendeshaji wao, ila ni ya kulipia na inataka intaneti muda wote. Kompyuta zangu hazina kadi za picha za kisasa, na bando letu ni la kununua kwa buku. Nimechukua Live for Speed, kazi ya watu watatu iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni nyepesi, na fizikia yake ya matairi ni ya kuaminika. Toleo la bure linatoa gari chache na uwanja mmoja, Blackwood. Kompyuta moja inakuwa mwenyeji, ya pili inajiunga kwa waya, na hakuna hata senti ya bando inayoliwa.

Gari letu ni XF GTI, dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele. Wote gari hilo hilo, mpangilio ule ule wa springi na upepo wa tairi. Uwanja mmoja unatosha kabisa kwa mtu anayeanza.

11 Agosti

Nimempata fundi seremala Ng'ambo. Nimemsalimu, kaitikia marahaba, kaniomba mchoro. Akautazama muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu, hapa chini mtu anakanyaga kwa uzito gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda duka la dawa la jirani nikaazima mizani ya kupimia watu, nikaiegemeza ukutani, nikakaa kwenye kigoda na kuikanyaga kama ninavyokanyaga breki. Mshale ukafika kilo 25.

"Basi msonobari utapinda," akasema. "Hapa tuweke mninga, na nyuma yake tupige mkono wa kuegemea."

Bei imepanda, na nimekubali. Ubao wa pedali ukiyumba, sehemu ya nguvu ya mguu inaishia kwenye mbao, na siku ya pili mguu haukumbuki ulikanyaga kiasi gani. Mzee yule hajawahi kuona mbio za kompyuta maishani mwake na ameniuliza jambo ambalo mimi, mwenye mradi, nilipaswa kuwa nimelipima wiki iliyopita.

18 Agosti

Viti vimefika kwa mkokoteni. Harufu ya mninga imejaa chumba kizima.

Leo nzima imekwenda kwenye vipimo. Kutoka jicho hadi skrini ni sentimita 60, na skrini ina upana wa sentimita 53. Ukichora pembetatu hiyo na kuipigia hesabu, macho yanapaswa kuona upana wa nyuzi 48. Programu ilikuja na 90. Kwa 90 picha inabanwa, kona inaonekana iko mbali kuliko ilivyo, na mtu anakosea mahali pa kushika breki kila raundi bila kujua sababu. Hasara ya 48 ni kwamba humwoni aliye ubavuni mwako, kwa hiyo nimeweka vitufe viwili kwenye usukani vya kutazama kushoto na kulia. Nimeweka pia sukani zote mbili zizunguke kiasi kimoja. Kisha nikahama kiti, nikarudia vipimo vyote kwa utepe ule ule.

20 Agosti

Umeme umekatika saa 10 jioni, umerudi saa 2 usiku. Hakuna kazi.

25 Agosti

Wamekuja sita: wanafunzi wawili wa kidato cha nne, kijana wa bodaboda, binti anayeuza vocha stendi, fundi simu, na mdogo wangu. Kosa lilikuwa moja kwa wote. Wanachelewa breki, wanaikanyaga yote, wanakata usukani huku mguu bado uko chini, na gari linakwenda moja kwa moja hadi kwenye majani.

Nilitoa noti ya buku mfukoni. Nikawaambia, tairi lina buku moja tu. Ukinunua maandazi ya buku, chai utainunua na nini? Breki ni maandazi, kona ni chai. Ukiwa umenyooka, tumia buku yote kwenye breki. Ukianza kukata kona, rudisha jero kutoka kwenye breki uipeleke kwenye usukani, halafu rudisha iliyobaki, taratibu, hadi katikati ya kona ambapo buku yote iko kwenye kupinda. Gari la kuvutwa mbele lina shida ya ziada: ukikanyaga mafuta mapema unatumia pesa ya matairi yale yale yanayopinda, na pua inakataa. Na ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, mkia unachomoka.

Wa bodaboda ndiye aliyeelewa kwanza. "Kaka, ni kama kushika breki ya mbele kwenye kona ya changarawe." Ndiyo hivyo hasa.

31 Agosti

Mazoezi tu. Wanafunzi wanakuja baada ya saa 11.

8 Septemba

Nimenunua daftari la kaunta. Utaratibu ni raundi 10 mfululizo na zote zinaandikwa, hata ile ya kwenda majanini. Nimeanza kuliona jambo ambalo siku zote nilikuwa nikilisema bila kulithibitisha.

Wa bodaboda ana raundi bora ya chumba, 1:39.8. Binti wa vocha raundi yake bora ni 1:41.2, na chumba kizima kinamhesabu kuwa wa polepole. Lakini kati ya raundi yake bora na mbaya kuna sekunde 0.9 tu, na wastani wake ni 1:41.6. Mwenzake anatoka nje mara mbili kila raundi 10, na wastani wake ni 1:43.0. Kwa raundi 10 binti anamaliza kwa 16:56, bodaboda kwa 17:10. Sekunde 14! Nimewasomea mbele ya wote na kukawa kimya. Kuanzia leo ubaoni hatuandiki raundi bora peke yake, tunaandika jumla ya 10.

12 Septemba

Pedali ya breki ni laini mno, inashuka mwanzo hadi mwisho bila upinzani, na mguu hauna cha kujifunza. Mguu wa binadamu hukumbuka nguvu vizuri kuliko unavyokumbuka umbali, ndiyo maana pedali za bei kubwa hupima mkandamizo badala ya kupima pedali imeshuka kiasi gani. Bei hiyo siiwezi. Nimechukua kandambili za zamani za shangazi, nikakata kipande cha unene wa sentimita moja na nusu kutoka kisigino cha kila mguu, nikakibandika nyuma ya pedali kwa gundi ya viatu. Sehemu ya mwisho ya safari ya pedali sasa inakutana na mpira. Nimepanga upya kipimo ili asilimia 100 ifike pale mpira unapobanwa sawasawa. Kila kiti kimepata kipande cha jozi moja, ili ugumu ulingane.

Matokeo yameonekana jioni ile ile. Fundi simu ameacha kuyafunga matairi kwa breki hadi yasizunguke kwenye kona ya kwanza.

21 Septemba

Tumekaa wote kutunga sheria. Hesabu ya makosa nimeiazima iRacing: kutoka nje ya barabara pointi 1, gari kukuponyoka 2, kumgonga mwenzako kwa nguvu 4. Anayejitetea anahama upande mara moja tu. Anayeshambulia, kama gurudumu lake la mbele limefika ubavuni mwa mwenzake kabla ya kukata kona, aachiwe upana wa gari. Kama hajafika, kona si yake. Kuchomekea kama kwa daladala hakuna. Ukimgonga ukampita, unamrudishia nafasi kabla ya kona inayofuata, na hungoji kuambiwa.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mazoezi. Fundi simu ana kipato, na aliomba alipie saa za ziada usiku. Nimekataa. Ufundi huu unatoka kwenye raundi ulizoendesha na si kwingine. Nikiuza raundi, nimeuza matokeo. Kwa hiyo kila mtu ana raundi 20 kwenye kila kiti kabla ya siku ya mbio, na wote wanachangia jero ya umeme, anayeuza vocha na mwenye duka sawa. Amenuna siku mbili, kisha akarudi.

5 Oktoba

Leo ndiyo siku niliyoijengea mradi huu, na nimeikosa kwa wiki mbili nzima.

Tumeendesha mashindano ya wawili wawili tangu 22 Septemba. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, kijana mpole, alipoteza mara nne mfululizo, zote akiwa kiti cha kushoto. Aliniambia mara ya pili, "Kaka, hili gari halikimbii." Nikamjibu asahihishe kwanza kona ya kwanza. Mara ya nne hakusema kitu, aliaga tu kwa heshima na kuondoka.

Usiku ule nikafungua daftari kwa ajili ya jambo jingine, na jicho likanasa. Washindi tisa kati ya kumi na moja walikuwa wamekaa kulia. Tulikuwa na sheria ya kubadilishana viti wakati wa mazoezi, lakini siku ya mbio tulipiga kura mara moja na kila mtu akabaki pale pale. Nikafungua rekodi za mbio. Programu hii huhifadhi mbio nzima, na ukiirudia unaona pembeni vimistari vya pedali vikipanda na kushuka. Nikasimamisha mwisho wa njia ndefu iliyonyooka. Kiti cha kulia mstari wa mafuta ulikuwa umejaa hadi juu. Kiti cha kushoto ulikuwa umebakiza upenyo mdogo, kama wembe. Mguu wa kijana ulikuwa sakafuni na gari lilikuwa likipokea asilimia 94.

Nimefungua pedali alfajiri. Ndani kuna kifaa kidogo cha mviringo chenye njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake, na ndicho kinachoiambia kompyuta mguu uko wapi. Vumbi la Tabora la mwezi wa tisa lilikuwa limejaa humo, pamoja na unga mwembamba wa pumba, laini kama poda. Nimesafisha kwa spiriti na kijiti cha masikio, nikafunga, nikapanga upya. Asilimia 100.

Jioni nikawaita wote. Nilimwambia yule kijana mbele yao kwamba alisema kweli mara ya pili na mimi sikumsikiliza, na kwamba naomba radhi. Matokeo yote ya wiki mbili yamefutwa, pamoja na ya mdogo wangu aliyekuwa akiongoza. Mdogo wangu alikasirika, na ana haki ya kukasirika, ila hayarudi.

Sheria mpya: kabla ya kila mbio washindani wenyewe wanakanyaga pedali zote na kusoma asilimia kwenye skrini, kila mmoja anasaini. Kila pambano ni mbio mbili, na katikati mnabadilishana viti. Ushindi ni jumla. Pedali zimefunikwa kwa mfuko wa kitambaa, na sakafu inapigwa maji kila asubuhi.

6 Oktoba

Kijana amerudi. Raundi 10 kushoto, raundi 10 kulia. Tofauti ya jumla ni sekunde 1.3. Viti vimelingana.

19 Oktoba

Ndugu wawili wameshiriki kwa jina moja. Mkubwa ndiye aliyejiandikisha, mdogo ndiye aliyeendesha mbio ya pili, sisi tukiwa tumetoka kununua maji. Daftari ndilo lililosema: raundi za mbio ya pili zilikuwa na mpangilio ambao mkubwa hajawahi kuwa nao.

Nimewasimulia habari ya Daniel Abt, aliyekuwa dereva wa kweli wa Formula E, mbio za magari ya umeme. Mei 2020, wakati korona imesimamisha mbio, mashindano yakahamia kwenye kompyuta majumbani. Katika mbio moja alimaliza wa tatu, kumbe usukani ulikuwa mikononi mwa mchezaji mzoefu wa mbio za kompyuta. Aliondolewa kwenye matokeo, akaamriwa kutoa euro 10,000 kwa hisani, na timu yake ya Audi ikamsimamisha. Wenye mbio hawakuchukulia kwamba ni gemu tu. Ndugu hawa nimewafungia mapambano mawili. Mdogo nimemwandikisha kwa jina lake mwenyewe, maana anaendesha vizuri kuliko kaka yake.

27 Oktoba

Mama wa mmoja wa wanafunzi amekuja kuuliza mtoto anapata nini humu. Ni swali la haki. Nimemweleza kwamba Lucas Ordóñez, Mhispania, alishinda 2008 shindano la kwanza la GT Academy, lililotafuta madereva wa kweli miongoni mwa wachezaji wa gemu, na mwaka 2011 akawa wa pili katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Jann Mardenborough wa Uingereza alipita njia hiyo hiyo 2011. Nikamwambia pia kwamba simwahidi hilo. Ninachoweza kumwahidi ni kwamba mtoto atatoka humu saa 12 jioni, na kwamba raundi zake zimeandikwa na anaweza kuzisoma. Akaomba aone daftari. Tumelisoma pamoja, ukurasa wa mwanawe, wiki kwa wiki. Ameruhusu siku tatu kwa wiki badala ya nne hadi mtihani uishe.

16 Novemba

Mvua zimeanza, maembe yamejaa sokoni, na leo tumejaribu intaneti. Niliunga kompyuta moja na simu, nikaingia seva moja ya Ujerumani, yaani kompyuta mwenyeji wa mbio za intanetini.

Kutoka Tabora hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi, hata waya ungenyooka kama rula, ni milisekunde 65. Na waya haujanyooka. Unatafuta pwani kwanza, kisha bahari. Sisi tuliona 190, mara 240. Gari la kilomita 180 kwa saa linakata mita 50 kila sekunde, yaani kila milisekunde 100 za ucheleweshaji ni mita 5, urefu wa gari na zaidi. Ile gari unayoiona mbele yako si mahali ilipo. Programu inakisia kwa kufuata mwendo wa mwisho iliopokea, na makisio yanaharibika pale pale penye hatari zaidi, kwenye breki.

Tuligongana na mtu kona ya kwanza. Kwetu alisimama ghafla, na kwake bila shaka sisi tulimparamia. Alituandikia kwa hasira, nasi tukamwomba radhi, maana tulijua mtandao wetu ukoje na tulikwenda kumkaribia hivyo hivyo. Ukijua kuwa unaonekana vibaya, wajibu wa kuacha nafasi ni wako. Tumeandika: intanetini, urefu wa magari matatu penye breki, na hakuna kupita kona ya kwanza.

30 Novemba

Tumepata njia bora zaidi. Rafiki yangu wa chuo yuko Kigoma, maeneo ya Mwanga, ana usukani mmoja na vijana wanne. Badala ya kukutana kwenye seva, kila upande unaendesha raundi zake peke yake, gari lile lile, mpangilio ule ule, kisha tunatumiana rekodi kwa WhatsApp. Faili ni dogo, linapita hata mtandao ukiwa mbaya. Na si video. Unalifungua kwenye kompyuta yako na gari linaendeshwa upya mbele ya macho yako, unaona kila kona na kila pedali. Programu yenyewe huweka alama kwenye raundi iliyokata njia. Hakuna wa kubishana naye.

Ya kwanza kutoka Kigoma imefika jana usiku: 1:37.9. Bora yetu sasa ni 1:38.3, ya binti wa vocha.

Tumeitazama leo watu saba, tukirudia kona ya kwanza mara kumi na mbili. Binti ndiye aliyeiona. "Simamisha hapo. Tazama breki yake." Kijana wa Kigoma anaanza breki mapema kuliko sisi, karibu urefu wa gari zima, lakini anaikanyaga kidogo zaidi ya nusu, na anaiachia polepole mno hadi katikati ya kona. Gari halitulii wala halishtuki, linazunguka tu. Mafuta yake yanajaa wakati sisi bado tunanyoosha usukani.

Binti alikaa kiti cha kushoto akajaribu raundi sita. Nne mbaya, ya tano 1:38.4, ya sita akapitiliza. Kisha umeme ukakatika. Kesho Jumatatu anafungua kibanda saa 2 asubuhi, kwa hiyo tumekubaliana saa 12 alfajiri, na funguo nimemwachia.